Waini nyekundu sebuleni, ulanzi uani… kwa nini?

Bumu limetoka, na kama kawaida waini nyekundu imeshaanza kuonekana hosteli. Ya Dodoma kwa wenye hali ya kati, ya Afrika Kusini kwa wanaojisikia, teh teh. Leo nina hoja moja tu na najua wapo watakaonuna: huku Nyanda za Juu Kusini tuna mvinyo wetu tayari, unaitwa ulanzi. Tunaudharau kwa vile unakuja kwenye ndoo.

Kwa mliotoka Pwani na Kanda ya Ziwa: mlanzi ni aina ya mwanzi. Mvua zikianza, mgema anakata ncha ya chipukizi changa, anaifungia mbeta (kipande cha mwanzi), na maji yake yanadondokea humo. Asubuhi na jioni anarudi kukata tena kidogo ili yasikome kutoka. Ukiwa mbichi unaitwa mtogwa, mtamu kama juisi. Hamira za asili hazisubiri mtu, ndani ya saa chache unaanza kuchacha, na ukilala unakuwa mkangafu, ule wa kuimbisha watu njiani.

Sasa niambieni, waini ina nini cha ajabu? Hamira inakula sukari ya zabibu, inatoa kilevi na gesi. Ile rangi nyekundu inatoka kwenye maganda yanayoachwa ndani ya juisi. Kemia ni ile ile! Na zabibu zenyewe si za mababu, zililetwa Bihawana, Dodoma na wamisionari Waitaliano miaka ya 1950. Zikapenda ukame wa kule hadi zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Wapo wanaouliza kwa nini Iringa yenye baridi isilime zabibu kama Ulaya. Jamani, mvua zetu zinakuja miezi ya joto, na zabibu ikilowa sana inashikwa na ukungu. Mlanzi unaipenda mvua hiyo hiyo. Kila mahali na mmea wake.

Shida ya ulanzi ni moja: hautulii. Kilevi chake ni kidogo, kama cha bia, hivyo bakteria wanaendelea na kazi hadi unageuka siki. Waini nyekundu ina kilevi cha asilimia 12 hivi pamoja na ukali wa zabibu, inajilinda kidogo. Lakini hata waini ya Ufaransa ilikuwa inaharibika! Mwaka 1863 mfalme Napoleon III alimwomba Louis Pasteur achunguze sababu. Pasteur akaona ukiipasha moto kati ya nyuzi 50 na 60 vile vijidudu vinakufa, na mwaka 1866 akatoa kitabu. Kwa hiyo hata hao tunaowaiga walisaidiwa na maabara.

Wanaoumia ni akina nani? Kwanza mgema. Msimu ukipamba moto kila nyumba ina ulanzi, bei inashuka, na hawezi kusubiri kesho. Waswahili wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji… wa kwetu hata hiyo sifa hajaionja! Pili watoto. Ndoo haisemi kama ni mtogwa au mkangafu, mtoto anakunywa "juisi" kumbe imeshalala. Na sisi ndio tutapangiwa shule za huko, tutawakuta darasani wanasinzia.

Mtogwa ukipashwa moto ungali mbichi, ukafungwa kwenye chupa safi, ukae na lebo ya asilimia ya kilevi: sifuri. Mkangafu nao uandikwe wake. Hapo hata msiokunywa pombe mnapata kinywaji, na mzazi anajua anampa mtoto nini.

Mtasema nahamasisha ulevi. Hapana, watu wanakunywa tayari, mimi nataka vipimo. Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine: chupa ikija, tajiri atachukua faida na mgema abaki kuuza ndoo. Ni kweli, hata Dodoma wakulima wamewahi kukosa soko la zabibu zao na viwanda vipo. Ndiyo maana nasema sufuria, kipimajoto na lebo viwe mali ya ushirika wa wagema wenyewe. Na msidhani nawasema Iringa tu, kwetu Mbeya kimpumu cha ulezi kule Rungwe kina kesi hii hii.

Wana kemia na baiolojia, mada ya uchachushaji tunaifundisha kwa mifano ya bia na waini. Mlanzi uko nyuma ya shule. Nani ataanza?

Nawasilisha. Anayepinga aje na hoja, asije na chupa.