Gesi Ni Nyingi, Lakini Nani Anakula?

Wasee, tuache kushangilia namba tupu. Tanzania ilipata gesi Songo Songo 1974, ikaanza kuitumia kuzalisha umeme 2004. Leo akiba yake inakadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57. Msumbiji ilipata ya Rovuma 2010, na sasa inahesabu zaidi ya trilioni 100. Mwaka 2022 meli ya kwanza ya gesi hiyo ikang'oa nanga.

Kwa hivyo Msumbiji imeshinda, ama? Muulize kijana wa Palma aliyekimbia risasi 2021, gesi ikiwa hapo hapo baharini.

Sisi tulipata mafuta Turkana 2012. Swali si mapipa mangapi. Swali ni: kijana wa Lokichar atapata nini?