Swila akikutemea machoni, maji kwanza, bodaboda baadaye

Ndugu mkulima, leo naomba tuweke mbolea pembeni kidogo.

Msimu uliopita mkulima mmoja wa mananasi huku kwetu alitemewa sumu na swila wakati wa palizi. Wenzake walimfunga kitambaa machoni, wakaita bodaboda, wakamkimbiza zahanati. Walifanya kwa upendo. Lakini njia nzima sumu ilikuwa imefungiwa jichoni, na shambani waliacha madumu mawili ya maji. Leo jicho moja lina kovu jeupe.

Maoni yangu ni haya: tunakimbilia usafiri wakati huduma ya kwanza tunayo shambani.

Swila hutema sumu mita mbili na zaidi, akilenga uso. Sumu hiyo huchoma sehemu angavu ya mbele ya jicho. Ikikaa, huleta kidonda, kisha kovu, hata upofu. Kwa hiyo:

1. Osha papo hapo kwa maji mengi safi yanayotiririka, dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimefunguliwa. Maji hakuna? Maziwa yanafaa, ila usiende kuyatafuta nyumbani.
2. Usifikiche. Usiweke tumbaku, majani wala mkojo.
3. Ukishaosha, nenda kituo cha afya jicho likapimwe, hata kama maumivu yamepungua. Usijinunulie matone dukani. Yenye steroidi yanaweza kuharibu zaidi.

Kuumwa ni jambo jingine. Aliyeumwa na nyoka akianza kulegea kope au kuona vitu viwili viwili, sumu imefika kwenye mishipa ya fahamu. Hapo kuosha macho hakusaidii. Asifungwe kamba, asichanjwe. Atulizwe, awahishwe hospitali.

Lawama nyingine ni yetu maafisa ugani. Tunafundisha kujikinga na viuatilifu, lakini nyoka tunamwachia mganga. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017. Nasi tusiisahau.

Kuanzia Kiwangwa hadi Makurunge, naomba kila shamba liwe na dumu moja la lita 20 la maji safi, kivulini, ambalo halijawahi kuwekwa kiuatilifu. Dawa ya kupulizia ikikurukia machoni, dumu hilohilo litakuokoa.

Mwenye shamba, ukiajiri vibarua wa palizi, waonyeshe dumu lilipo kabla hujawagawia majembe.