Ukimpa Mtu Mapishi, Mpe Yote

Leo sianzi na andiko. Naanza na biskuti.

Wengi wenu mnazikumbuka zile biskuti za njugu za marehemu mama yangu. Mlizila nje ya kanisa baada ya ibada, watoto wakipigania za mwisho. Laini, katikati zinavutika kidogo mdomoni, wala hazikuwa za kuvunja meno kama za dukani. Mlimwomba mapishi, naye hakuwanyima. Siagi ya njugu kikombe, sukari kikombe, yai moja, chumvi kidogo. Mkienda kujaribu nyumbani zinatoka ngumu kama vigae, halafu mnarudi Jumapili mkisema, "Huyo mama ana mkono wake."

Mpendwa, haukuwa mkono. Kuna jambo alikuwa haliwaambii. Na ninaliandika hapa kwa sababu yeye mwenyewe aliniomba nilitoe.

Mapishi hayo aliyapata kwa mmishenari mmoja wa Marekani aliyekuwa akimpikia kabla mimi sijazaliwa. Aliporudi pwani hakuwa na ovena, akabuni ya kwake kwa jiko la makaa, sufuria kubwa na mchanga. Yakawa mapishi ya nyumba yetu. Sisi watoto tulikua tukijua kwamba hayo hayatoki nje.

Jirani yetu hapa Kibuyuni ni mama wa Kiislamu, mkulima wa mwani. Kila Idd alituletea sahani ya biskuti na halua. Nanyi watu wa pwani mnajua, sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo ilirudi Krismasi imejaa biskuti za njugu. Mwaka aliokuwa akimwoza binti yake, akaja kuomba mapishi. Mama akamtajia vipimo vyote. Yule mama akauliza, "Dada, hakuna lingine?" Mama akasema hakuna.

Akaoka usiku kucha kwa ajili ya harusi. Biskuti zikatoka ngumu, wageni wakazitania, na za kubaki wakapewa kuku. Mama yangu alikuwa pale harusini. Alinyamaza.

Miaka ikapita. Miezi miwili kabla mama hajapumzika, akaniita kitandani. Nilidhani atanieleza habari za shamba. Akaniambia, "Nenda kwa jirani. Mwambie azitoe zikiwa bado mbichi." Ndilo lilikuwa neno alilolificha.

Nikaenda. Maji yalikuwa yamekupwa, kinamama wako baharini wakifunga mwani, nikamngoja mpaka akapanda na nguo zake zinachuruzika. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mama yako aamkaje?" Nikampa ujumbe. Nilitegemea akasirike. Akakaa juu ya gunia la mwani, akanyamaza, kisha akasema jambo ambalo mimi mchungaji halijanitoka hadi leo: "Mwanangu, miaka yote hii nimedhani mkono wangu hauna baraka." Tangu harusi ile hakuoka tena biskuti za mtu. Binti zake wengine wawili walipoolewa, alinunua.

Umeelewa sasa mbona naandika haya kwenye ukurasa wa kanisa?

Tukiwahubiria watu habari za Anania na Safira katika Matendo sura ya 5, wengi husikia kwamba walihukumiwa kwa kubakisha fedha. Hebu isome tena taratibu. Petro mwenyewe alimkubalia Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa mikononi mwake. Kubakisha kulikuwa halali. Kosa lilikuwa kuleta sehemu na kuiita yote. Na Safira aliulizwa waziwazi, akapewa nafasi ya kusema kweli, akajibu vilevile. Ninapofika hapo sasa nasikia ile sauti: "Dada, hakuna lingine?"

Najua kuna dada anasoma na tayari anataka kuandika: pasta, hizo biskuti ndizo zinamsomesha mtoto wangu, nikitoa siri jirani ataniwekea meza pembeni. Dada, sikukatazi kuificha. Ni riziki yako, ilinde. Mtu akiuliza, mwambie, "Haya sitoi, ndiyo kazi yangu." Atanuna wiki moja kisha atanunua kwako. Lakini usimtajie mapishi nusu na kumtazama akiharibu unga na sukari vya watu, huku akiamini kasoro ni yeye. Huo si uangalifu wa biashara, na siwezi kuupa jina zuri.

Na tusiwasemee kinamama peke yao. Sisi watumishi ndio mabingwa wa mapishi nusu. Tunasimama madhabahuni na kushuhudia: niliomba, nikafunga, Mungu akanipa gari. Hatutaji mkopo wa sako. Hatutaji shemeji aliye ng'ambo aliyetuma nusu ya pesa. Kijana anakwenda kufunga siku saba, gari haliji, na anahitimisha kwamba Mungu hampendi. Nimewahi kufanya hivyo mimi, nimetubu.

Mbona sisi wenyewe tunakula jasho la watu waliofundishwa bila kufichwa? Zanzibar walianza kulima mwani kibiashara mwaka 1989 kwa mbegu za kutoka Ufilipino, na ujuzi huo ukavuka bahari na mpaka ukafika huku kwetu. Leo Kibuyuni inajulikana kwa mwani, kavu na sabuni zake. Muulize mama yeyote pale ufukweni: fundo likikazwa mno mche unakatika, likilegea mawimbi yanauchukua. Kama mwalimu wa kwanza angelificha fundo tu, tungekuwa na kamba tupu baharini.

Na kwa kuwa tunaongelea njugu, mtafuteni habari zake George Washington Carver. Alizaliwa utumwani huko Missouri, akawa mwalimu Tuskegee. Hakuvumbua siagi ya njugu kama watu wanavyosambaza, lakini mwaka 1916 alitoa kijitabu chenye njia 105 za kuandaa njugu, na biskuti zimo. Kilikuwa cha wakulima maskini, ili wapate matumizi ya mazao yao. Alikuwa muumini, tena hakuona haya kusema hivyo.

Basi na mimi nayatoa ya mama, mbele ya watu wote.

Anza na njugu zenyewe. Zichague moja moja kwa mkono. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye kuvu au chungu, tupa, wala usiwape kuku. Kuvu ile hutoa sumu ya aflatoksini, na kukaanga au kuoka hakuiondoi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya 100, wengi wao Ukambani. Mama alikuwa akitupa hata konzi nzima bila kusikitika. Kaanga zilizobaki, toa maganda, saga mpaka zitoe mafuta na kuwa laini.

Kikombe kimoja cha siagi hiyo. Kikombe kimoja cha sukari ya kahawia, maana ndiyo inayoshika unyevu. Ukitumia nyeupe zinakauka. Yai moja. Chumvi kidogo. Na vijiko viwili vya mezani vya unga wa ngano, kwa sababu siagi ya nyumbani ina mafuta mengi na bila unga biskuti hutandaa. (Unga huo pia hakuwa akiutaja. Mungu amrehemu mama yangu.) Koroga mpaka ishikane, ifunike ipumzike nusu saa.

Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, vidole viwili kwenda juu, na vijiwe vitatu vya kushikilia sinia. Funika, acha ipate moto dakika 20 kwa makaa ya wastani. Weka makaa machache juu ya kifuniko pia, la sivyo chini zitaungua na juu zitabaki nyeupe. Viringa vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, vibonyeze kwa uma ili viive sawasawa, vipange mbali mbali.

Sasa lile neno. Anza kutazama dakika ya 8. Kingo zikishika rangi na katikati bado inaonekana mbichi, ukigusa kidole kinaacha alama, toa hapo hapo. Macho yako yatakuambia bado. Usiyasikilize. Usizinyanyue, zitavunjika, ziache juu ya sinia la moto dakika 15, zinamalizia kujipika zenyewe. Zikipoa zitie kwenye kopo lenye kifuniko, hewa yetu ya bahari haina urafiki na biskuti. Na kabla ya kumpa mtoto wa mtu, uliza kama njugu hazimdhuru.

Jirani alizioka wiki ile ile niliyompelekea ujumbe. Alileta sahani mwenyewe, akaiweka kitandani kwa mama. Mama alikuwa hawezi kula kitu kigumu tena. Alikula moja, akaomba ya pili, wakashikana mikono bila kusema lolote, nami nikatoka nje.

Sahani yake bado iko kwangu. Kesho mke wangu anaoka. Na wewe ukijaribu zikakataa, niandikie ujumbe hapa useme ni wapi umekwama. Usiku niko kwenye maombi, nitakujibu asubuhi.