Kubofya si Kuelekezwa

Neno "elekezi" katika "mafunzo elekezi" limetokana na kitenzi elekeza: kumwonyesha mtu njia. Mwelekezaji husimama kando ya anayeelekezwa. Siku hizi wako waajiri, hata hapa Uganda, wanaoliita kwa jina hilo jambo lisilofanana nalo kabisa. Mwajiriwa mpya hutumiwa kiungo katika simu, hutazama picha kadhaa, huchagua majibu, kisha hupokea cheti. Ati amekwisha kufundishwa usalama na afya kazini!

Mfikirieni msafishaji wa hoteli. Kozi ya mtandaoni humwambia avae glavu na asome lebo. Haimwonyeshi chupa mbili zilizomo katika stoo yake yeye: moja ina dawa ya kung'arishia nguo, ile watu waiitayo jiki; nyingine ina asidi ya kusafishia choo. Pengine zote zimemiminwa katika chupa za maji zisizo na lebo yoyote. Akizichanganya, hutoka gesi ya klorini inayochoma koo na mapafu, naye yumo katika choo kisicho na dirisha. Msimamizi angelimweleza hayo kwa dakika tano, chupa mkononi, kwa Kiganda au Kiswahili. Kozi yenyewe mara nyingi ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha wanasheria.

Na bando analipia nani? Mara nyingi ni mwajiriwa mwenyewe, usiku, kwa simu yake. Ibara ya 21 ya Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, yasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Hata bando dogo ni gharama.

Waajiri hujitetea kwamba kozi hizi ni nafuu na kwamba wote hupata somo moja. Sawa, video yaweza kumfundisha mtu alama za hatari kabla hajafika kazini. Lakini ipo faida nyingine wasiyoitaja. Ajali ikitokea, cheti hutolewa kabatini kuthibitisha kwamba majeruhi "alifundishwa", na kosa huwa lake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda, ya mwaka 2006, imemtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Wajibu huo hauhamishwi kwa kubofya.

Tena, simu haiulizwi swali. Mgeni kazini anahitaji kusikia kwa kinywa cha mkubwa wake kwamba aonapo hatari ya kweli anaruhusiwa kuacha kazi na kutoka, wala hatafukuzwa.

Basi wewe utakayeajiriwa kesho, kabla ya kutia sahihi, omba upelekwe hadi penye mlango wa dharura na kizima moto, utajiwe na mtu wa kumwita ukiumia. Asipopatikana wa kukuonyesha, liandike jambo hilo katika fomu yao, kisha ubaki na nakala.