Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje na Masuala ya Diaspora: Walimu Wetu Wafunguliwe Mlango wa Korea Kusini

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza niliyesajiliwa na TSC, tume ya walimu ya Kenya, na niko masomoni hapa Seoul. Nakuandikia kuhusu E-2, viza anayopewa mgeni anayekuja Korea Kusini kufundisha lugha.

Kwa somo la Kiingereza, viza hiyo ni ya raia wa nchi saba tu: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kijana wa Ohio mwenye shahada ya uhasibu, ambaye hajawahi kushika chaki, anapokelewa. Mkenya mwenye shahada ya ualimu, aliyewatayarisha watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, anakataliwa kabla hajaulizwa swali lolote. Pasipoti yake imekwisha kumjibia.

Tazama Afrika Kusini inavyopimwa. Mwalimu wa huko anayetaka kufundisha katika shule za umma za Korea kupitia mpango wa EPIK huleta barua ya kuthibitisha kwamba alisomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la saba. Basi kipimo kipo, na ni cha Wakorea wenyewe. Sisi tunafundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, na Katiba ya 2010 imekitambua kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Barua kama hiyo shule zetu zinaweza kuiandika kesho.

India nayo haimo katika zile saba. Hata hivyo, mkataba wake wa kiuchumi na Korea, ulioanza kutumika Januari 2010, uliwaruhusu walimu wake wenye vyeti vya kufundisha Kiingereza waajiriwe kama wasaidizi katika shule za msingi na sekondari. Walikaa mezani, wakajadiliana, wakapata kifungu chao. Kenya ilifanya hivyo na Uingereza kwa ajili ya wauguzi mwaka 2021, na Ujerumani kwa ajili ya wafanyakazi wake mwaka 2024. Kwa nini walimu wasahaulike?

Kazi ipo, Mheshimiwa. Wazazi wa hapa hujinyima ili mtoto apate masomo ya ziada jioni. Mama mmoja jirani yangu ameniomba nimfundishe mwanawe nyumbani. Nimemkatalia, maana kufundisha kwa malipo bila kibali kunaweza kumfukuzisha mgeni nchini. Wapo wanaokubali kwa siri. Hao wakidhulumiwa ujira huogopa kulalamika, wakihofia kwamba kwenda kushtaki ni kujishtaki. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Naomba ubalozi wetu uwasilishe ombi rasmi kwa Wizara ya Sheria ya Korea, inayosimamia uhamiaji: Mkenya mwenye shahada, usajili wa TSC na uthibitisho wa kusomeshwa kwa Kiingereza aruhusiwe, hata kama ataanza kama msaidizi. Jibu watakalotoa, liwe zuri au baya, litangazwe, ili walimu wanaouziwa ahadi na mawakala jijini Nairobi waujue ukweli kabla ya kulipa.

Wako mwaminifu,
Mwalimu Mkenya, Seoul