Mvua ya Likasi ipimwe Likasi: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mettelsat

Bwana Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia wewe uliyeko Binza, Kinshasa, kuhusu jambo ambalo kwa haraka unaweza kusema si lako: programu za hali ya hewa zilizomo ndani ya simu za watu wa Likasi. Ni kweli, zile tunazozitumia zaidi zimetengenezwa ng'ambo, na waliozitengeneza hawajui komini yetu ya Kikula iko wapi. Lakini pengo wanalolijaza kwa kukisia ni la nchi yetu, na nchi yetu imelikabidhi kwenu, wakala wa taifa wa hali ya hewa. Ndiyo sababu barua hii inakuja Mettelsat badala ya kwenda California.

Mvua za kwanza zinapokaribia, mwezi wa tisa kwenda wa kumi, hapa kila mtu ana swali lake kwa simu. Aliyefyatua matofali anataka kujua kama atawahi kuyachoma kabla hayajarudi kuwa udongo. Mama mwenye shamba upande wa barabara ya Kambove anauliza kama mvua ya leo ni ya kupandia au ni ile ya kudanganya, inayoamsha mbegu halafu inapotea wiki mbili. Mchimbaji wa mkono anataka kujua kama shimo aliloliacha jana litamrudisha nyumbani leo. Mzee ambaye macho yamechoka anamwita mjukuu: "Angalia, simu inasema nini?"

Simu inasema asilimia 60, saa tisa alasiri. Saa tisa jua linawaka na matofali yamefunikwa bure. Kesho yake inasema asilimia 10, na jioni mvua inaangusha ukuta wa jirani. Hapo watu wanakwenda kwenye duka la programu kumwaga hasira: nyota moja, "waongo hawa", na maneno mengine ambayo hayafai kuandikwa kwa mtu wa cheo chako. Mtengenezaji anajibu kwa toleo jipya. Nimejizoeza kusoma maelezo ya kila toleo kabla ya kuchoma mega zangu za intaneti, na karibu yote yanazungumzia sura: rangi mpya ya usiku, mawingu yanayotembea kwenye kioo, hitilafu ndogo zimerekebishwa. Programu moja niliyokuwa nimeizoea ilipendeza sana baada ya sasisho, ila ikakataa kufunguka kwenye simu yangu kwa kuwa simu ni ya zamani. Sijawahi kusoma toleo linalosema: kuanzia leo tunapokea vipimo vya mvua kutoka Likasi.

Nambari ile ya asilimia inatoka wapi basi? Wewe unajua kuliko mimi, lakini barua hii ni ya wazi na wengine wanaisoma. Inatoka kwenye kompyuta kubwa zinazokokotoa anga la dunia nzima. Mfumo wa Wamarekani, GFS, hukokotolewa mara nne kwa siku, na data zake zinazotolewa bure huigawa dunia katika miraba ya kilomita 28 hivi. Kituo cha Ulaya, ECMWF, kina miraba midogo zaidi, kama kilomita 9. Katika mraba wa kilomita 28 unaweza kuzitia komini za Panda, Shituru, Kikula na sehemu kubwa ya njia ya kwenda Kambove, na zote zikapewa nambari moja. Ilhali mvua yetu ya masika ni ya radi. Wingu linajengwa na joto la mchana juu ya vilima, linakua kwa saa moja au mbili, linamwaga upande mmoja wa mji na upande wa pili vumbi linaendelea kupeperuka. Hilo si kosa la programu peke yake. Ni tabia ya mvua ya nchi za joto, na hata mji wenye vifaa vyote ungepata shida nayo.

Lakini kuna shida ya pili, na hiyo ina mwenyewe. Kompyuta yoyote, kabla ya kusema kesho, lazima iambiwe leo ikoje: joto, unyevu, upepo, mgandamizo wa hewa, mvua iliyonyesha. Pale ambapo ardhi imenyamaza, inategemea setilaiti na makisio yake yenyewe ya saa chache zilizopita. Google ilipotangaza mwaka 2025 huduma yake ya kutabiri mvua ya saa chache zijazo kwa Afrika, ilikumbusha hesabu inayotia aibu bara zima: rada za hali ya hewa 37 tu Afrika, dhidi ya 291 za Amerika Kaskazini na 345 za Ulaya. Kwa hiyo wamelazimika kufundisha mashine yao kusoma mvua kwa kutazama mawingu kutoka juu. Ni kazi nzuri, siidharau. Ila wingu lililoonekana juu ya Likasi si mvua iliyopimwa Likasi.

Tena huko juu hatujakosa macho. Setilaiti ya Meteosat ya kizazi cha tatu, iliyorushwa Desemba 2022, hupiga picha kila dakika 10 na ina chombo cha kuona radi ambacho kinatazama Afrika usiku na mchana. Kongo ni miongoni mwa nchi zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani, hasa milima ya Kivu. Radi hapa inaua watu, na baada ya mazishi mara nyingi hufuata mazishi mengine, ya ujirani, kwa sababu mtu fulani ameshutumiwa kuituma. Onyo la saa moja kabla, lililotoka kwa mamlaka inayojulikana, lingesaidia hata katika hilo.

Sasa niseme na wenzangu watumiaji, maana nao wamo. Tumeifanya simu kuwa mganga wa mvua: tunataka ituambie kuhusu ua wetu, dakika kwa dakika, na ikikosea tunaivunja. Asilimia 60 haina maana kwamba mvua itanyesha, wala kwamba itanyesha kwa sehemu sita kati ya kumi za siku. Maana yake ni kwamba katika siku kumi zinazofanana na hii, sita zingepata mvua mahali hapo. Siku nne kavu zimo ndani ya ahadi. Hakuna programu niliyoiona inayolieleza hilo kwa Kiswahili cha kueleweka, na hapo lawama inarudi kwa watengenezaji.

Kuna jingine dogo linalotusumbua sisi wa mashariki kuliko mnavyodhani huko Kinshasa, nalo ni saa. Likasi iko saa moja mbele yenu. Kompyuta za utabiri hufanya kazi kwa saa ya Greenwich, sisi tuko mbele yake kwa saa mbili, ninyi kwa moja. Simu iliyowekwa saa ya Kinshasa, au taarifa iliyosomwa redioni bila kutaja ni saa ya wapi, inamkosesha mtu wa Haut-Katanga saa nzima. Kwa mvua ya radi saa nzima ni nyingi, wingu linazaliwa na kufa ndani yake. Kurekebisha hilo hakuhitaji mfadhili: andikeni tu "saa ya Lubumbashi".

Kwa nini nisiwaachie mambo haya wafanyabiashara wa programu? Kwa sababu ya Dark Sky. Ilikuwa programu iliyopendwa mno Marekani kwa kutabiri mvua ya dakika zijazo. Apple iliinunua Machi 2020, mwaka huohuo ikafungiwa wenye simu za Android, na mwaka 2023 ulipoanza ilikuwa imezimwa kabisa. Mwenye mali alikuwa na haki yake. Upande mwingine tazama Norwei: taasisi ya umma ya hali ya hewa, ikishirikiana na redio na televisheni ya taifa, NRK, ilianzisha huduma ya Yr mwaka 2007, na mpaka leo inatoa utabiri bure hata kwa Likasi, mji ambao mlipakodi wa Oslo hana shamba ndani yake. Data zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kutengeneza programu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Likasi anaweza leo kuandika programu ya hali ya hewa ya mji wake kwa kutumia data za Norwei. Ningependa aweze kuiandika kwa kutumia za Mettelsat.

Lugha nayo. Katiba ya 2006, katika ibara yake ya kwanza kabisa, inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa na kuitaka serikali iziendeleze. Jirani zetu wa Tanzania wameshafanya kazi ya msamiati: mamlaka yao ya hali ya hewa hutoa maonyo kwa ngazi, angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, na kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani Mei 2024, watu wa Mafia na Dar es Salaam walisoma habari zake kwa lugha wanayoiota usiku. Hatuhitaji kuanza upya. Radio Okapi imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 2002, na redio ndogo za hapa mjini zipo. Mama wa barabara ya Kambove hana mega kila siku, lakini ana redio, na ana simu ya kawaida inayopokea ujumbe mfupi.

Usidhani tunalilia raha ya mjini. Desemba 2022 mvua ya usiku mmoja iliua zaidi ya watu 100 huko huko Kinshasa. Mei 2023 huko Kalehe, Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa na maji na matope, na waliokufa walizidi 400. Kwetu majanga ni ya namna nyingine, ya polepole. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia mpaka ikatangaza janga la taifa tarehe 29 Februari, na ikabana mahindi yake, sisi tunaokula bukari ya unga unaopita mpaka wa Kasumbalesa tuliujua ukame huo sokoni. Kila mwaka kabla ya msimu, wataalamu wa nchi za SADC, nanyi mkiwemo, hukutana kutoa mwelekeo wa mvua wa Oktoba hadi Machi. Taarifa hiyo ingefika Likasi kwa Kiswahili kabla watu hawajanunua mbegu, mkulima angejua achague ya muda mfupi au ya muda mrefu.

Sasa ombi. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kuimarisha huduma za hali ya hewa na maji nchini. Sisemi fedha zilikwenda vibaya. Nasema wananchi wana haki ya kuona, kwenye ukurasa mmoja, kituo kipi cha hali ya hewa kinatuma vipimo leo, kipi kimenyamaza na tangu lini. Hilo ndilo sasisho tunalolitaka, na halihitaji rangi mpya. Kisha kila mwisho wa mwezi mtuonyeshe mlichotabiri na kilichonyesha, kimoja kando ya kingine, pamoja na makosa yake. Watu wa hapa wanasamehe utabiri uliokosea. Wanachochoka nacho ni utabiri usio na mwenyewe.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka nchi ziwe na vituo vya ardhini visivyopishana zaidi ya kilomita 200, vikituma vipimo kila saa. Hata kiwango hicho kikitimizwa, Likasi inaweza kurukwa, maana Lubumbashi iko karibu na karatasi itaridhika. Kwa hiyo tusingoje karatasi. Kipimamvua ni chombo rahisi, shule inaweza kukisoma kila asubuhi na mwalimu akatuma nambari kwa simu. Wanaoendesha mabwawa ya Mwadingusha na Koni hawawezi kufanya kazi bila kufuatilia maji ya Lufira, na kampuni za migodi zinazotuzunguka zina sababu zao za kupima mvua. Ziombeni daftari zao. Zikikataa, mtuambie zimekataa, tutaziandikia sisi.

Na kama mnakusudia kuzindua programu yenu wenyewe, tafadhali iwe nyepesi, ifanye kazi kwenye simu za zamani, iandike kila utabiri umetoka wapi na saa ngapi, na iwe na mtu wa kuitunza baada ya sherehe ya uzinduzi. Kama mtu huyo hayupo kwenye bajeti, bora fedha hizo ziende kwenye redio.

Tunaomba, Bwana Mkurugenzi Mkuu, kabla ya mvua za mwezi wa kumi: kipimamvua kimoja katika kila moja ya komini zetu nne, Kikula, Likasi, Panda na Shituru, msomaji mmoja aliyefundishwa kwa kila kimoja, na nambari zake zitangazwe redioni kila jioni kwa Kiswahili, saa ya Lubumbashi, na zifike Binza usiku huohuo.

Kwa heshima,

Mkaaji wa Kikula, Likasi