Uvuvi wa Machweo na Swala ya Magharibi

Vijana wetu walioko Minnesota, Marekani, wametuuliza juu ya safari ya mitumbwi katika maziwa ya Boundary Waters, kuvua walleye. Samaki huyo ni halali pasi na kuchinjwa. Twawausia waombe mapema kibali cha kulala porini. Kundi lisizidi watu 9 na mitumbwi 4, ndiyo sheria ya huko. Wamchague amiri wa safari, na kila mmoja avae jaketi la kuokoa maisha.

Ila walleye hula zaidi jua linapozama, nao ndio wakati wa Magharibi. Msafiri aliyetimiza masharti anayo ruhusa ya kuichelewesha na kuikusanya na Isha, maadamu amenuia kabla wakati wake haujatoka. Asiyenuia na aweke mshipi chini, aswali. Riziki haipotezwi na sijda. Wallahu aalam.